Tuliishi na gari la umeme kwenye avenyi isiyo na umeme

Maneno yaliyosomwa mbele ya wafuasi, Lubumbashi



Tunajua wengi mmekuja juu ya ile picha. Ile ya gari letu saa saba za usiku, waya umetoka dirishani, na chini yake mtu ameandika: "Wanaopinga rushwa wanachaji kwa rushwa." Ilizunguka kwenye simu za mji siku tatu nzima. Tulikutana, tukabishana, wengine wetu wakataka tukanushe. Hatukanushi. Maandiko yale yana ukweli ndani, na tutafika hapo. Lakini hadithi ina mwanzo, na mwanzo wake hauna aibu, basi mtuvumilie kidogo.

Sisi tunaosema hapa ni watatu. Mmoja alimaliza sheria, mmoja umeme, mmoja uchumi. Lisansi tatu, kazi sifuri. Mnatujua, mmetuona tukibeba makaratasi ndani ya bahasha ya kaki mpaka bahasha ikachanika. Miaka miwili tuko hivyo.

Gari lilikuja namna hii. Yaya mmoja wa kwetu, anayefanya kazi kwenye mgodi upande wa Kolwezi, alinunua Dar es Salaam gari dogo la mtumba la kutoka Japani. Aliona bei yake iko chini kuliko zote pale parki, hakuuliza sana. Alipoambiwa kwamba halina tangi la esansi, pesa ilikuwa imeshatoka mfukoni. Likapita Tunduma, likavuka Zambia nzima, likafika Kasumbalesa juu ya mgongo wa lori. Na hata kutoka Kasumbalesa mpaka hapa, kilomita 90 na kitu, liliendelea kubebwa kama mgonjwa, kwa sababu betri yake ilikuwa imezeeka na isingeweza kuzimaliza kwa mara moja. Yaya akalitazama, akatutazama. Akasema: "Miye niko Kolwezi wiki tatu kwa nne. Muchukue, mufanye taksi. Mutanipa dola 10 kila siku ya kazi, ingine ni yenu."

Tulikubali kabla hajamaliza sentensi.

Kwenye ofisi moja ya makaratasi ya gari, fomu ilikuwa na visanduku viwili tu: esansi, mazuti. Mtumishi akatuambia tuchague. Tukamwambia hakuna hata kimoja. Alifikiri kidogo, akatia alama kwenye esansi, akatutoza ya esansi. Siku ya pili polisi wa barabarani akatusimamisha, akaomba tufungue mbele aone injini. Alipochungulia, hakuona alichozoea kuona. Akasema injini imeibiwa. Robo saa nzima tulikuwa tunamweleza, na watu wamezunguka, na mwishowe yeye mwenyewe akaomba tumzungushe mara moja ili asikie. Hakusikia kitu. Ni siku hiyo gari lilipata jina. Watoto wa avenyi wakaliita Kimya-kimya.

Tulifungua kaye, tukaandika kila kitu: kilomita, saa za kuchaji, volti za jioni, pesa iliyoingia. Mwenzetu wa umeme ndiye alisisitiza. Kaye hiyo iko hapa mezani, kila mtu anaweza kuja kuisoma baadaye.

Tulichojifunza kwanza ni kwamba gari lenyewe ni rahisi. Halina mafuta ya kubadilisha, halina bujia, halina chujio la mafuta. Fundi wa kwenye kona, ambaye taksi za kartie zinamlisha, alikuja akaangalia chini ya gari, akasimama, akapangusa mikono ambayo haikuwa imechafuka. Akatuuliza: "Sasa miye nitakula nini?" Tulicheka, lakini lile swali si la kucheka, na bado hatuna jibu lake. Amebakia na matairi na mashokamsoba, na kwa barabara hizi za kwetu kazi hiyo haitaisha leo.

Cha pili, ukiachia pedali kwenye mteremko, mota inageuka kuwa dinamo na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Kwa hiyo dereva anajifunza upole. Mwenzetu wa sheria, aliyekuwa anaendesha kama mtu anayekimbizwa, alikuwa anarudi na kilomita 45. Mwenzetu wa uchumi, kwa betri ileile, alikuwa anafika 60. Tulimpa yeye asubuhi. Tukiwasha ubaridi wa ndani mwezi wa kumi, kilomita zinapungua machoni petu, basi tulifungua vioo kama kila taksi. Abiria hawakulalamika.

Mvua ilileta shida nyingine. Kuna mama alikataa kuingia na viatu vilivyolowa, akisema hataki kufa kwa umeme akiwa na watoto nyumbani. Tulimwonyesha kwamba betri imefungwa chini ya sakafu, ndani ya sanduku la chuma, na haigusani na mtu. Alituangalia kama tunamuuzia dawa ya mchawi. Akapanda taksi ya nyuma yetu. Mzee mmoja, zamani mfanyakazi wa Gécamines, alitusikia tukieleza. Akauliza: "Betri iko chini ya viti?" Ndiyo, mzee. "Basi tunaikalia," akasema, akaingia.

Na kuna asubuhi ambayo hatutaisahau. Betri kubwa imejaa, tumelala macho usiku kucha juu yake, tunabonyeza kitufe, gari halijibu. Limekufa. Tulifikiri yaya atatuua. Kumbe ndani ya gari hili kuna betri mbili: ile kubwa inayosukuma magurudumu, na ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote, inayoamsha kompyuta na kufunga swichi ya ile kubwa. Ndogo ikizeeka, kubwa haina faida, hata ikiwa imejaa mpaka juu. Jirani mwenye paneli ya jua alituazima betri yake kwa dakika tano, Kimya-kimya ikaamka. Watu wengi walitaka kuliogopa gari hili kwa kitu ambacho kingetokea hata kwa gari la babu.

Sasa pesa. Taksi ya esansi inayofanya kazi kama yetu inakunywa kwa siku moja pesa ambayo kwetu ingelipia umeme wa karibu wiki. Hapo ndipo tulipotabasamu. Baada ya kumtolea yaya dola zake 10, tulikuwa tunabakia na 6, siku nyingine 7, tunagawana tatu. Si mshahara. Lakini kwa mara ya kwanza tangu kumaliza masomo, mmoja wetu alinunua mfuko wa unga nyumbani kwa mama yake bila kuombwa mara mbili.

Tabasamu lilidumu wiki mbili hivi. Kwa sababu gari la umeme halihitaji esansi, linahitaji umeme, na ninyi mnaijua avenyi yetu.

Siku ambazo umeme upo, ikifika saa moja jioni kila nyumba inawasha resho ya kupikia bukari, na kipima volti chetu kinasoma 160. Taa zinakuwa nyekundu kama makala inayozimika. Chaja ya gari ina akili yake: ikiona volti ziko chini, inakataa. Inawasha taa nyekundu na kunyamaza. Saa mbili inakataa, saa tatu inakataa, saa tano inakubali dakika kumi halafu inakataa tena. Umeme wenye nguvu unakuja kuanzia saa saba za usiku mpaka saa kumi hivi, watu wakiwa wamelala. Saa tatu hizo, kwa kilowati 3, zinaleta kilowati-saa 9. Kwa gari letu hiyo ni kilomita 60. Yaani siku moja ya kazi, na hakuna ya ziada.

Kwa hiyo maisha yetu ya kila siku na gari la umeme yalikuwa lindo la usiku. Tulipeana zamu. Mmoja analala na simu inayolia saa saba, anatoka na koti, anaunganisha waya, anakaa pale kuchunga waya usiibiwe, maana shaba ni shaba. Saa kumi anachomoa. Wa pili anaamka saa kumi na moja kuendesha. Na siku za delestaji, ambazo kuna wiki zilikuwa nne kwa saba, hakuna kuchaji, hakuna kuendesha, na yaya anataka dola 10 zake, na ana haki.

Watu wanauliza gari moja linakula umeme kiasi gani mpaka avenyi nzima iumie. Kilowati 3 ni resho mbili. Basi. Ni sawasawa na nyumba mbili kuanza kupika kwa wakati mmoja. Lakini ukizigeuza kuwa taa za wati 10, ni taa 300. Zote mbili ni kweli, na kabini yetu haiwezi kubeba hizo resho mbili za zaidi. Kabini ile iliwekwa wakati avenyi ilikuwa na nyumba chache zenye bustani. Leo kila kiwanja kina nyumba nne, tano. Mara mbili imeungua, na mara mbili ni sisi wakaaji tuliochanga franka, mlango kwa mlango, tukanunua vipande vyake, halafu ikabakia mali ya kampuni.

Sasa tumefika kwenye picha.

Umeme unaingia kwenye kartie kwa nyaya tatu, fazi tatu. Nyumba nyingi zimeunganishwa kwenye moja tu. Kama fazi yako imejaa, nyingine inaweza kuwa na nafasi. Sisi tulikuwa kwenye iliyojaa. Wakala mmoja alikuja jioni, bila kuitwa rasmi, akasema anaweza kutuhamisha. Dola 15. Tuliuliza risiti. Akacheka. Mwenzetu wa sheria alisema hapana. Mwenzetu wa uchumi alisema siku nne hatujafanya kazi. Mwenzetu wa umeme alinyamaza, na yeye ndiye aliyejua zaidi kuliko sisi sote kitakachotokea. Tulilipa. Ndani ya sanduku letu la nguo kulikuwa na tisheti za harakati zenye maneno makubwa mgongoni kuhusu rushwa. Tulilipa tukiwa tunazijua zipo.

Usiku ule Kimya-kimya ilichaji kuanzia saa nne. Tulifurahi kama watoto.

Kwenye fazi ile kulikuwa na friza ya mama wa samaki. Wengi hapa mnanunua kwake. Tulipoanza kuvuta kilowati 3 jioni, volti zake zilishuka. Mota ya friza ikipewa volti kidogo haizunguki vizuri, inavuta umeme mwingi zaidi, inapata moto, mwishowe inaungua. Ilichukua siku sita. Alikuja kwetu asubuhi na beseni, hakupiga kelele. Alisema: "Batoto bangu, motokari yenu ilikula samaki yangu." Akaweka beseni chini. Harufu ilikuwa imeanza.

Mama yuko hapa leo, amekaa safu ya pili. Alituruhusu kusema. Tulimlipa samaki kwa wiki tano, kidogo kidogo, na mota ya friza tuliigharimia nusu kwa nusu na yaya, ambaye alituita wajinga kwa simu mara nyingi kuliko tulivyostahili, pengine. Hatukumlipa usiku aliokosa usingizi. Na fazi tuliirudisha kama ilivyokuwa, mbele ya shefu wa avenyi, kwa barua, na wakala wa pili aliyekuja na karatasi. Huyo hatukumpa kitu. Alikunywa maji.

Aliyeweka ile picha ni mfuasi wetu. Kuna waliotaka tumtafute. Hapana. Alifanya kazi ambayo sisi tunasema tunaifanya.

Tumepokea pia ujumbe mwingi wa namna nyingine, na tungependa kuujibu hapa, kwa sababu tumeishi na kitu ambacho wengi wanakisema bila kukigusa. Wengine wanatuandikia: toeni tamko la kupinga magari ya umeme, ni wezi wa kobalti yetu, watoto wanakufa kwenye mashimo ili Mzungu apumue hewa safi. Wengine wanaandika: hilo ndilo la kesho, acheni siasa, tukiwa na magari hayo Congo itakuwa tajiri.

Gari halikutuibia kitu. Tuliliendesha miezi minane, ni chombo kizuri, halitoi moshi kwenye pua za watoto wa shule, na kwa nchi inayonunua karibu mafuta yake yote nje, lingekuwa baraka. Tatizo halimo ndani ya gari.

Tuchukue Norwei. Ni nchi ya watu kama milioni 5 na nusu, na umeme wake karibu wote unatoka kwenye maji, sawasawa na wetu. Mwaka 2024, karibu magari mapya 9 kwa 10 yaliyouzwa kule yalikuwa ya umeme. Mtu anarudi kazini, anaingiza waya ukutani, anaingia ndani kula, analala. Hachungi waya. Wakati wa baridi kali betri inampunguzia kilomita, analalamika, anachaji tena. Hiyo ndiyo shida yake. Sisi maji tunayo, Inga peke yake ingeweza kutoa umeme ambao wataalamu wanauhesabu kwa makumi ya maelfu ya megawati, na bado katika nchi hii ni kama mtu 1 kwa 5 tu aliye na umeme.

Na msiseme kwamba waya haukuwahi kufika Katanga. Ulifika. Kati ya miaka ya 1970 na 1982 nchi ilijenga laini kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, volti 500,000, kwa deni ambalo wazazi wetu walilipa. Ilijengwa kwa ajili ya migodi. Inapita juu ya vijiji ambavyo mpaka leo vinawasha kibatari chini ya nguzo zake. Anayesafiri kwa barabara anaziona zile nguzo, kubwa, zimeenda mpaka mwisho wa macho, na chini yake mtoto anauza makala.

Migodi yenyewe inalia umeme hautoshi. Inanunua kutoka Zambia, inawasha majenereta ya mazuti. Fikirini hilo: madini ya gari lisilo na moshi yanachimbwa kwa moshi wa mazuti, hapa kwetu. Moshi haukuisha. Ulihamia.

Congo inatoa zaidi ya 70 kwa 100 ya kobalti inayochimbwa duniani. Sheria ya migodi ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018, na mwisho wa mwaka huo kobalti ikatangazwa kuwa madini ya kimkakati, ushuru wake ukawa 10 kwa 100. Ushuru huo unagawanywa: 50 kwa 100 serikali ya Kinshasa, 25 jimbo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa komini, sekta au utemi ambamo mgodi umo. Kumi na tano kwa mia. Hiyo si sadaka, si zawadi ya kampuni, ni sheria. Juu yake kuna 0.3 kwa 100 ya mauzo yote ambayo kila mgodi unapaswa kutoa kwa maendeleo ya jamii inayouzunguka. Wenzetu wa Kolwezi, Fungurume, Likasi, Kipushi, mnaotusikiliza kwa simu: hiyo pesa ni yenu kwa jina. Mnajua ilinunua kabini ngapi?

Mwenzetu wa sheria aliandika barua kwa ofisi moja ya komini kuuliza jambo hilo tu: pesa ngapi iliingia, ilifanya nini. Barua ilipokelewa, ikapigwa muhuri, tukapewa nakala. Miezi mitano. Nakala yenye muhuri tunayo, nzuri sana. Jibu hatujaliona.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha, na hii haisemwi sana kwenye mikutano. Kuna betri zisizotumia kobalti kabisa. Ni za chuma na fosfati. Zinabeba umeme kidogo kuliko zile za nikeli na kobalti kwa uzito uleule, lakini ni rahisi, zinadumu, na Uchina, ambako magari mengi ya umeme ya dunia yanatengenezwa, zimeshachukua zaidi ya nusu ya soko. Mwezi wa pili 2025 serikali yetu ilizuia kobalti kutoka ili bei ipande, baadaye ikaweka viwango. Tunaelewa kwa nini: bei ilikuwa imeanguka vibaya. Lakini kila mara tunapofunga mlango, mhandisi fulani mbali huko anapata sababu ya kutengeneza betri isiyotuhitaji. Hatusemi mlango usifungwe. Tunasema wakati mlango bado una thamani, pesa yake ionekane kwenye kabini, kwenye shule, kwenye waya. Siku watakapoacha kuhitaji kobalti hawatatutumia barua ya kuaga.

Novemba 2021 kulikuwa na mkutano mkubwa Kinshasa, ikatolewa hesabu kwamba kiwanda cha tani 10,000 cha kutengeneza malighafi ya betri kingegharimu dola milioni 39 hapa Congo, mara tatu chini ya Marekani. Aprili 2022 Congo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza betri pamoja. Mwaka huohuo, hapa Lubumbashi, chuo kikuu kilipewa kituo cha utafiti wa betri. Mwenzetu wa umeme alikuwa bado mwanafunzi, alipiga makofi mpaka mikono ikamuuma, na hasemi leo kwamba alikosea. Anasema tu kwamba kiwanda kinaanza na umeme usiokatika, na umeme usiokatika unaanza na mtu anayejua kabini ipi inabeba nyumba ngapi. Tuliuliza orodha hiyo. Haipo, au haitolewi.

Basi tumeanza kuitengeneza sisi.

Kwa wiki sita zilizopita, kwenye avenyi yetu na nyingine nne, vijana wanapima volti kila siku saa moja jioni na saa saba usiku. Kipima volti kimoja ni pesa ya chupa chache za bia. Tunaandika: fazi, volti, saa umeme ulipokatika, saa uliporudi, nyumba ngapi kwenye kila kabini, nani alichanga pesa ya matengenezo na kiasi gani. Mama wa samaki ndiye mwandishi wa fazi yake. Tulifikiri atatukatalia. Alisema yeye ndiye mwenye sababu kuliko sisi wote, na kaye yake ni safi kuliko yetu.

Na gari? Avenyi ilikaa kikao, shefu akiwa katikati. Kuna waliotaka liondoke. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Baada ya saa mbili za maneno, wengine makali, tulikubaliana: Kimya-kimya inachaji saa saba mpaka saa kumi tu, kwenye fazi yetu ya zamani, na chaja tumeifunga ndani ya sanduku lenye kufuli. Ufunguo unakaa kwa mama wa samaki. Usiku tunamgongea. Wakati mwingine hafungui haraka, na hatuna la kusema. Na kama kuna mgonjwa wa avenyi usiku, gari linampeleka hospitali bila malipo, hata kama asubuhi tutakosa kilomita. Limeshapeleka watu wanne, mmoja akiwa mama wa kujifungua. Mtoto ni msichana, wazima wote wawili.

Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi tunapeleka kaye zote tano kwa mkuu wa komini, pamoja na ile nakala yenye muhuri. Tunaenda kwa miguu, kwa utulivu, bila mawe, bila matusi. Atakayekuja na jiwe atarudishwa na sisi wenyewe. Kila avenyi ilete kaye yake na watu wawili wanaojua kuisoma kwa sauti. Wasio na kipima volti wamwone mwenzetu wa umeme hapa mbele, anazo tatu za kuazima, mtaandika jina.

Leo asubuhi umeme ulikatika saa kumi kasoro robo. Betri ina mistari minne kati ya kumi na miwili, kwa hiyo wazee tutawarudisha nyumbani kwa gari mpaka iishe, wengine tutatembea. Sasa maswali. Tuanze na safu ya pili.